Vijiti Vitatu na Nukta

Tarehe 6 Januari

Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba mwenye daftari aandike kila jioni kosa moja alilolitenda siku hiyo, kwa hati safi, bila kugusia makosa ya mwenzake. Nimelinunua daftari hili kwa nia hiyo. Hata hivyo kesho naanza kazi kwa mtu ambaye, naomba radhi, sina hakika kama atanipa nafasi ya kuishika kanuni hiyo.

Kosa la leo: nilimjibu binti yangu kwa ukali aliposema mzee wa miaka sabini na minne hana sababu ya kupanda ngazi za watu kila asubuhi katika mvua hizi. Alikuwa akikunja ovaroli yangu ya kijivu, ile ambayo marehemu mama yake aliitia alama kwenye kola kwa uzi mwekundu, vijiti vitatu na nukta, ili isichanganyikane na nguo za majirani kwenye kamba. Nguo zangu zote zina alama hiyo.

"Miaka kumi na miwili hujaivaa, Baba," alisema. "Itakubana."

Haikunibana. Imenipwaya.

Tarehe 7 Januari

Bwana huyu ana maduka ya vigae, na nyumba yake ni duka la ziada. Vigae vimepanda kutani, vimezunguka nguzo, na chooni vimefika hadi darini, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sitarajii kuliona tena. Alinipokea mlangoni kwa heshima.

"Karibu sana, mzee wangu. Viatu tu, samahani. Kigae hiki kinashika doa haraka."

"Bila samahani, bwana."

Nilimfuata kwa soksi, nikitembea kama mwizi, hadi kwenye chumba chenye kabati la kioo. Ndani mlikuwa na saa za mkono kumi na moja, za zamani, za dhahabu na fedha, zote za kalenda. Saa hizi huonyesha siku, tarehe, mwezi, na umbo la mwezi angani. Zilizo bora kabisa hujua hata mwezi huu una siku ngapi, na kwamba mwaka mrefu huipa Februari siku ishirini na tisa. Zikisimama husahau yote, na kuzikumbusha ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo mimi nitazitia ufunguo kila asubuhi, msimu wote wa mvua, hadi tarehe 28 Februari, siku ambayo wakusanyaji wenzake watakuja kuziona.

"Hawa ndio wanangu," aliniambia. "Wewe sasa ndiye yaya wao."

Nikamshukuru. Kisha akatoa simu mfukoni, akaiuliza, "Leo tarehe ngapi?" Alikuwa amesimama mbele ya saa kumi na moja. Naomba radhi kwa kuliandika. Tangu leo, katika daftari hili tu, nitamwita Bwana Kalenda.

Sikuandika kosa langu. Nafasi imekwisha.

Tarehe 8 Januari

Mvua. Nilizitia ufunguo zote. Hakuzitazama.

Tarehe 9 Januari

Mvua. Alizitazama. Aliniuliza kile kidude cha mwezi ni cha nini.

Tarehe 12 Januari

Leo lazima niandike kwa urefu, na naomba uvumilivu wa atakayesoma.

Saa ya tisa kutoka kushoto ilikuwa ikinisumbua macho tangu siku ya kwanza. Leo niliomba ruhusa ya kuifungua kifuniko cha nyuma. Bwana Kalenda alisema, "Fungua tu, mzee, ila usipumue juu yake." Nikafungua. Ndani ya kifuniko palikuwa na herufi mbili za jina langu, na tarehe, zimekwaruzwa kwa sindano ya chuma. Mkono wangu mwenyewe, wa miaka thelathini na moja iliyopita.

Ni saa ya Jaji. Marehemu Jaji wa mji wetu aliileta mezani kwangu ikiwa imeganda kalenda, baada ya mafundi wanne kuirudisha. Mmoja wao alimwambia aivae kwa kuangalia saa tu, tarehe aulize watu. Nilihangaika nayo siku saba. Ndani ya saa ya namna hii kuna gurudumu la miezi arobaini na minane, lenye mapengo ukingoni: pengo la kina kirefu kwa Februari fupi, la kina pungufu kidogo kwa Februari ya mwaka mrefu. Wenzo mmoja mrefu huingiza ncha yake katika pengo na kupima, na kwa kupima huko saa hujua. Wenzo husukumwa na springi nyembamba kuliko unywele. Springi ndiyo iliyokuwa imekatika, na ya kubadilisha haikupatikana popote.

Siku ya nane homa ya matumbo ilinilaza. Nilipoweza kukaa tena kitandani, saa ilikuwa kwenye droo, inatembea, kalenda imenyooka. Nilishangaa. Mke wangu alinikumbusha kwamba niliimaliza mwenyewe jioni ile kabla homa haijapanda. "Umesahau tu," alisema. "Ulikuwa unaweweseka." Nikaenda mezani nikiwa bado natetemeka, nikakwaruza herufi zangu kifunikoni. Jaji aliisimulia habari ile kila alikokwenda. Kwa ajili ya saa hiyo moja niliitwa Fundi Mkuu na mji mzima, na sijawahi kuikana heshima hiyo.

Mke wangu alikaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, akiosha vyuma kwa petroli na kupanga skrubu kwa ukubwa. Kibano sikumruhusu. Nilizoea kuwaambia wateja, naye akisikia, kwamba mkono wa mwanamke umeumbiwa unga. Wateja walicheka. Yeye aliendelea kupanga skrubu.

Fundi hukwaruza alama yake ili atakayefungua baada yake ajue nani alipita. Sina kiwanja wala jumba. Nina herufi mbili ndani ya kifuniko cha saa ya mtu.

Tarehe 15 Januari

Bwana Kalenda aliuliza kwa nini sizitii betri, tukapumzika sote.

Tarehe 20 Januari

Amekuja Mtaalamu. Ndiye anayemshauri Bwana Kalenda anunue nini, na ndiye atakayewaleta wageni wa tarehe 28. Alivaa glovu nyeupe mbele yetu, kidole kimoja kimoja, kama daktari wa upasuaji katika picha. Kisha akaishika lenzi mbali na jicho kama mtu anayesoma bei sokoni. Lenzi ya fundi hubanwa jichoni. Walimu wangu walinifunza kwamba kumsahihisha mgeni ni utovu wa adabu, na nilifurahi sana kuwatii.

Saa sita kati ya zile kumi na moja alizisifia. Ya Jaji aliifungua akashtuka.

"Nani alikwaruza hapa?"

"Ni mimi, bwana. Samahani. Ni desturi ya mafundi. Anayefungua baadaye hujua nani alipita."

"Mzee, hii ni saa, siyo ukuta wa choo cha stendi."

Bwana Kalenda alicheka mpaka akafuta machozi kwa tai yake. Mtaalamu akaendelea, akizungumza nami kupitia Bwana Kalenda kana kwamba mimi ni kabati: saa iliyoguswa na fundi wa kichochoroni hupoteza usafi wake; kifuniko kisuguliwe kwa msasa laini hadi kiwe kama kilivyotoka kiwandani; nacho kisuguliwe kabla ya wageni.

"Naomba kwa heshima zote kisisuguliwe," nilisema.

"Tutaona, mzee wangu," alisema Bwana Kalenda. "Tutaona."

Watu wawili wasioweza kutofautisha springi na unywele wa nyusi wameketi kunihukumu. Naomba radhi kwa sentensi hiyo. Siifuti.

Tarehe 21 Januari

Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Baba, unamdharau huyo mtu na bado unamwita bwana mara arobaini kwa siku. Si unafiki huo?"

Nilimweleza kwamba adabu ni jambo moja na maoni ni jingine.

"Mama alikuwa akisema hivyo hivyo juu yako," alisema, akaingia jikoni. Sikumwelewa.

Tarehe 26 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nilimkumbusha habari ya kifuniko. "Tutaona."

Tarehe 30 Januari

Nilimkumbusha. "Tutaona, mzee. Mbona unang'ang'ania kama mwenye nyumba?"

Tarehe 1 Februari

Kati ya saa kumi na moja, tano hazibadili jina la mwezi zenyewe, zilihitaji kusogezwa kwa mkono hadi Februari. Ya Jaji ilijisogeza yenyewe, bila kuombwa. Nilihisi kiburi kilichopita kiasi kwa mtu wa umri wangu. Hilo ndilo kosa la leo, na ni la kwanza kuliandika tangu tarehe 6 Januari. Nasikitika.

Tarehe 5 Februari

Paa la jirani limeezuliwa na upepo. Bwana Kalenda ana wasiwasi kuhusu unyevu katika kabati.

Tarehe 13 Februari

Limetokea nililolitarajia, na furaha niliyoihisi haimfai mtu aliyebatizwa.

Saa za kalenda zina vitufe vidogo ubavuni vya kusogeza tarehe na mwezi. Wakati vyuma vinapojiandaa kubadili siku, vitufe hivyo havibonyezwi hata kwa bunduki. Nilimwambia Bwana Kalenda siku ya kwanza: tangu saa tatu usiku hadi saa tisa usiku, usiguse. Yeye akaona heri aamini kijitabu cha kiwanda kuliko yaya. Kijitabu kimeandika usibonyeze kuanzia 9 hadi 3. Akasoma tisa, akasoma tatu, akahesabu kwa saa zetu kama anavyohesabu muda wa chakula: saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Jana akasubiri kwa subira kubwa, saa tatu ikapita, na saa nne usiku, wakati ule ule ambao kijitabu kinalia kwa herufi nyekundu, akabonyeza. Alitaka mwezi uonekane mzima, awapigie picha marafiki.

Asubuhi nilimkuta amekaa sakafuni, juu ya vigae vyake, saa ya Jaji mkononi. Akrabu za saa zinatembea. Tarehe imekwama kati ya 12 na 13, nusu ya namba hii na nusu ya ile.

"Nilifuata kijitabu," alisema.

"Naam, bwana."

"Imeandikwa tisa hadi tatu!"

"Kijitabu kimeandikwa na watu wanaoanza kuhesabu saa usiku wa manane, bwana. Tisa yao ya usiku ni saa tatu yetu. Samahani sana."

Aliigeuza saa mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee wangu, wageni wanakuja kuona hii hii. Itengeneze."

Nilisema, kwa heshima zote, kwamba nitaitengeneza endapo ataahidi kifuniko hakitasuguliwa kamwe. Aliapa kwa marehemu mama yake. Nimeshinda. Herufi zangu zitabaki hata nikifa, na aliyezilinda ni ujinga wa mwenye saa.

Tarehe 14 Februari

Nimeileta saa nyumbani. Mkono wa kulia unatetemeka hadi nimalize chai, kisha hutulia. Nimevua akrabu na uso wa saa. Kwa leo basi.

Tarehe 15 Februari

Sijui niandikeje.

Nilivua vyuma kimoja kimoja na kuvipanga kwenye trei, ishirini na vitatu, hadi nikaufikia wenzo mrefu. Ncha yake ilikuwa imepinda kidogo kwa kubonyezwa, na springi ilikuwa imechomoka kwenye kishikizo chake. Haikuvunjika. Niliishika kwa kibano kuirudisha, na hapo nikaona kwamba haikutoka kiwandani. Ilikuwa imenolewa kwa mkono kutoka kwenye chuma kingine. Upande mmoja wake bado una nusu ya tundu la sindano ya kushonea.

Sikuwahi kunoa sindano ikawa springi. Sijui inafanywaje. Nilikaa nikijaribu kujikumbusha kwamba niliifanya katika homa, na kwa muda wa kikombe kimoja cha chai nilikaribia kufaulu.

Kisha nikaugeuza wenzo. Upande wake wa chini, usioonekana na mtu yeyote ila aliyeivua saa hadi mwisho, pamekwaruzwa alama ndogo sana. Vijiti vitatu na nukta.

Nilivua ovaroli nikaiweka mezani, kola karibu na lenzi, nikatazama huku na nikatazama kule. Nilitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tarehe 16 Februari

Nilimwuliza binti yangu. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema. "Wewe ulikuwa unaweweseka chumbani. Mama alikaa mezani kwako siku nne. Aliharibu sindano zake zote. Mimi ndiye nilimshikia taa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilitaka. Siku ile Jaji alipokuja na kukupigia makofi, nilifungua mdomo, Mama akanifinya hapa." Alionyesha mkono wenye povu. "Jioni akaniambia, 'Baba yako ana jambo moja tu la kujivunia. Tusimnyang'anye.'"

"Jambo moja tu?"

"Ndivyo alivyosema, Baba. Samahani."

Ni mara ya kwanza neno samahani kuniuma katika kinywa cha mtu mwingine. Msimu mzima nimemcheka mtu anayemiliki saa asizozijua. Mimi nilikaa meza moja na mtu kwa miaka mingi, na nilijua ukubwa wa skrubu zake tu.

Tarehe 17 Februari

Ncha imenyooshwa. Springi ya sindano nimeirudisha ilivyokuwa. Sikuigusa zaidi ya lazima.

Tarehe 19 Februari

Nilimrudishia Bwana Kalenda saa. Aliitazama tarehe kwa furaha ya mtoto, akaniita mchawi, akanikumbatia. Nilimwomba radhi kwa mambo fulani bila kuyataja. Akadhani ni habari ya kuchelewa.

Tarehe 22 Februari

Mvua. Hakuna kosa jipya. Lile la zamani linatosha.

Tarehe 28 Februari

Wageni walikuwa saba pamoja na Mtaalamu, wote kwa soksi. Kuwaona watu wazima wenye vitambi wakitembea kwa tahadhari kwenye vigae kungenifurahisha sana mwezi uliopita. Leo kulinifurahisha kiasi.

Walitaka kuiona saa ya Jaji ikivuka kwenda tarehe 29, lakini walitaka kuiona mchana baada ya chakula, kabla ya foleni barabarani. Niliwaeleza kwamba saa ya namna hii ikishavushwa mbele hairudishwi nyuma. Itabidi isimame isubiri siku iifikie. "Isubiri tu," alisema Bwana Kalenda. Asubuhi nilikuwa nimeitia ufunguo kidogo tu, ili ikate pumzi yenyewe jioni. Nikazungusha akrabu polepole. Tarehe ilisita kwenye 28, pumzi za watu zikasita, ikaruka. Ishirini na tisa. Walipiga makofi, hata Mtaalamu, ambaye makofi ya glovu hayasikiki.

"Na huyu ndiye fundi mwenyewe!" alisema Bwana Kalenda, mkono begani kwangu. "Miaka thelathini na moja iliyopita, mafundi wanne wameshindwa, mzee huyu hapa akaiweza. Waambie, mzee wangu. Waambie!"

Nimeisimulia habari ile mara nyingi sana. Najua mahali pa kunyamaza na mahali watu watakapocheka.

"Aliyeiweza ni marehemu mke wangu," nilisema. "Springi aliitengeneza kwa sindano ya kushonea. Alama yake iko chini ya wenzo. Niliiona wiki mbili zilizopita."

Mtaalamu aliuliza alisomea wapi. Nilisema hakusomea popote, alikuwa akiosha vyuma.

Bwana Kalenda alinitazama. Hakuwa na kejeli yoyote usoni, na sasa naamini hana kejeli nyingi kama nilivyomhesabia. Ni mtu tu anayeuliza kile ambacho hakijui, hata mbele ya watu, jambo ambalo mimi sikuliweza kamwe.

"Sasa wewe, mzee wangu," aliuliza, "ulifanya nini?"

"Nilikwaruza kifuniko, bwana."

Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa na juisi aliinywa.

Tarehe 29 Februari

Mvua imekatika. Barabara ilikuwa na matope lakini mbingu imeinuka.

Saa ya Jaji ilikuwa imesimama kabatini, tarehe 29 usoni, ikingoja. Asubuhi hii siku iliifikia. Nilisogeza akrabu hadi saa mbili, nikaitia ufunguo kamili, ikaondoka. Kisha nikamwomba Bwana Kalenda kifuniko cha nyuma na ruhusa ya kukisugua.

"Wewe tena?" alisema. "Si ulinifanya niape kwa mama yangu?"

"Samahani sana, bwana. Nakufungua kiapo hicho."

"Na alama ya mkeo? Mtaalamu amesema tuagize wenzo mpya kiwandani."

"Mwambie huyo bwana, kwa heshima zangu zote, akalale."

Bwana Kalenda alicheka kwa sauti, akafikiri, akasema wenzo haubadilishwi na mtu. Kisha akakaa sakafuni karibu yangu, akatazama kazi yote, na akauliza msasa ule ni namba ngapi. Nilimwambia. Alitaka kujua kwa nini natia mafuta. Nilimwambia hilo nalo.

Tarehe na herufi ya kwanza zilitoka upesi. Herufi ya pili niliikwaruza kwa nguvu siku ile, nikitetemeka kwa homa na majivuno, ikanichukua hadi adhuhuri. Nilikifuta kifuniko kwa kitambaa, nikakifunga.

Ndani yake sasa hamna jina. Atakayetaka kujua nani alipita hapo itambidi aanzie upande wa uso, avue vyuma ishirini na vitatu, ageuze wenzo. Awe na mkono mtulivu.